Randa ya Mkononi, Randa ya Mezani, na Mkwe Apitaye Njiani

Barua hii imetoka Korogwe. Anayejibu, kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu, ni Mama Dorkasi wa milimani, mjane wa fundi seremala na mama mkwe wa vijana kadhaa.

Mama Dorkasi mpendwa, mshauri wetu, shikamoo. Nakuomba msaada kwa heshima na kwa aibu kidogo, na kabla hujakunja uso niseme kabisa kwamba mimi ni Mwislamu na gazeti lenu ni la misheni, lakini rafiki yangu Fransisko, seremala mwenzangu wa kule Mkumbara, ndiye huniletea gazeti kila anapokuja na gari la moshi, na ndiye aliyeniambia kwamba wewe huulizi mtu anasali wapi, unauliza amekosea wapi, na tena kwamba milango aliyoitengeneza marehemu mumeo hadi leo inafunguka bila kulia, basi nikasema nimwandikie nani mwingine, maana shida yangu ni ya randa. Ni ya randa tu, Mama. Naomba uichukue hivyo.

Naitwa Rehani, Mzigua wa Kabuku. Nimeoa hapa Korogwe ya mtoni, na kwa kuwa baba mkwe alikwisha kufariki na mke wangu Mwanaidi hakutaka kumwacha mama yake peke yake, nilijenga ukweni, nyumba yangu huku na ya mama mkwe kule, katikati uwanja na migomba. Mwaka jana mama mkwe aliniomba, kwa kinywa cha mke wangu, nimtengenezee mlango. Si mlango wa mabua kama alio nao, ambao masika yaliyopita upepo uliung'oa na fisi akaingia mpaka jikoni akaondoka na ngozi ya kulalia, bali mlango wa mbao, wa mtindo wa nyumba za stesheni, wenye ubao mpana wa katikati. Nikasema ndiyo kwa furaha, nikapata kwa Fransisko mbao za mwangati, ule mti unaonukia ambao Wadachi wanaushusha kutoka Shume kwa kamba ya chuma, nikaziweka darini zikauke, nikamwambia Mwanaidi, "Mwambie mama, masika hayatamkuta na mabua." Masika yanakaribia, Mama. Mabua bado yapo.

Unajua mwenyewe kwamba mlango wa namna hiyo hauendi kwa misumari. Ubao wa katikati unaingizwa ndani ya mfuo, ule mfereji mwembamba unaochimbwa kwenye mbao za kingo, ukae humo, mvua ikija uvimbe, jua likija unywee, pasipo kupasuka. Mfuo ukienda upande, mlango mzima umekwenda upande. Nilikuwa nachimba kwa patasi, na patasi ni kazi ya mtu asiye na mkwe anayesubiri, basi nikaenda stesheni kwa Isihaka, wakala wa duka moja la Tanga, naye kwa wema wake akanipa randa mbili za mfuo nizijaribu, moja niinunue, nyingine irudi mwezi utakapoandama.

Ya kwanza ni ya mkononi. Ni bamba la chuma lenye vishikio viwili kama masikio ya sufuria, na katikati kisu kilichopinda kinachochungulia chini. Ubao unakaa kimya, wewe ndiye unayetembea juu yake. Inachosha mabega na ina uzito wa kutosha, na kwenye bamba lake kuna matundu mawili ambayo sijui ni ya nini, nadhani ya kutundikia ukutani. Ya pili ni ya mezani, imefungwa kabisa kwenye meza yake, chini ina gurudumu na kikanyagio kama cha cherehani, kisu kinazunguka kikichungulia juu kwenye tundu la meza. Hapo kisu ndicho kinachokaa mahali pake na wewe unasukuma ubao upite juu yake, na mfuo unatoka umenyooka, hata mtu hatasadiki kwamba ni kazi ya fundi wa mtoni. Ingekuwa ni hayo tu nisingekusumbua, ningechagua nikalala. Lakini kuna habari ya njia.

Mahali pangu pa kazi ni barazani mbele ya nyumba, maana ndipo penye kivuli na ardhi iliyo sawa, na baraza hiyo inatazama njia itokayo mtoni, na njia hiyo ndiyo anayopita mama mkwe asubuhi na jioni na mtungi wake kichwani. Nawe unajua, maana kwenu milimani ni hivyo hivyo, kwamba mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, halitaji jina lake, ndiyo sababu hata hapa sikuliandika, na akimwona njiani humpisha. Mimi nimelelewa hivyo na baba yangu, ambaye siku moja alimpisha mkwewe mpaka akaingia kwenye miiba, na nilipooa akaniambia, "Mwanangu, mkwe ni moto, uote kwa mbali." Basi kila nisikiapo kikohozi chake pale kwenye kona ya migomba, maana yeye hukohoa kabla hajatokea, mimi huacha nilicho nacho nikakimbilia nyuma ya nyumba.

Siku ya kwanza ya randa ya mezani nilikuwa nimefika katikati ya ubao, gurudumu linaimba, maranda yanaruka, roho imetulia, nikasikia khu! kwenye migomba, nikaruka, mguu ukaacha kikanyagio lakini gurudumu halikuacha kuzunguka, ubao ukageuka wenyewe juu ya kisu, na niliporudi nilikuta mfuo umepinda kama njia ya ng'ombe waendao kunywa maji. Ubao wa mwangati, Mama! Nikaukalia nikashika kichwa. Mbao zilizobaki zinatosha mlango mmoja tu, nikiharibu mwingine sina pa kupata mpaka mvua zipite.

Kesho yake nikachukua ile ya mkononi, nikijisemea hii haina gurudumu. Khu! Nikakimbia nayo mkononi, na kwa kuwa nyuma ya nyumba mke wangu alikuwa ameanika makopa ya muhogo pote, nikageukia ua wa jirani yetu Athuman, nikauruka, nikaangukia kwenye matuta yake ya viazi, na kisu cha randa kikanipasua kanzu kutoka kiunoni hadi pindoni, na Athuman alipoona mtu amelala ndani ya viazi vyake ameshika chuma, alipiga yowe la mwizi, watu wakaja na marungu, wakanikuta nimejifunika majani ya viazi, wakauliza, "Fundi, kulikoni?" nikajibu, "Mkwe anapita." Wazee wakatikisa vichwa wakasema kijana huyu amefundwa. Vijana wakacheka mpaka wakakaa chini. Na mama mkwe alikuwa amesimama njiani na mtungi wake, akitazama yote.

Tangu siku hiyo mambo hayako sawa. Mwanaidi hasemi nami vizuri. Nikirudi kutoka mafichoni nakuta kibuyu cha uji pembeni ya meza ya kazi, nakunywa nikidhani ni wa mke wangu, nikimshukuru ananijibu, "Mimi sikupika uji," kisha anaondoka. Na jambo jingine linalonishangaza, ipo njia fupi ya mtoni upande wa msikitini, wanawake wote hupita huko, mama mkwe peke yake huzunguka huku kwangu, sijui kwa nini, pengine miguu ya mtu mzima haipendi kilima. Nami nimechoka kukimbia, Mama, lakini nitamvunjiaje heshima?

Juzi Mwanaidi akanijia barazani macho mekundu. Akasema, "Mama anahama. Anakwenda Handeni kwa mjomba kabla ya mvua."

Nikasema, "Kwa nini? Nimemkosea nini? Mimi hata uso wake sijawahi kuutazama!"

Akasema, "Ndiyo hivyo. Kaniambia, 'Mwanangu, mumeo ananikimbia kama nimetoka ndui. Kama hataki kunitengenezea mlango angesema, kuliko kuniaibisha mbele ya watu.'"

Nikauliza, "Na wewe?"

Akasema, "Mimi nitamsindikiza."

"Utarudi lini?"

"Nitarudi siku mlango utakapokwisha," akasema, na hakucheka, na mimi namjua anapotania.

Sasa Mama, nishauri juu ya randa. Ya mezani ni nzuri, lakini ukiwa nayo huwezi kukimbia bila kuharibu ubao. Ya mkononi unaweza kukimbia nayo, lakini ina kisu, na kanzu niliyobaki nayo ni ya Idi. Isihaka anasubiri jibu, mwezi unakaribia kuandama, na mke wangu ameanza kukunja nguo. Nichukue ipi? Ukipenda ficha jina langu, ingawa Athuman amekwisha kulitangaza mpaka sokoni.

Ni mimi mwanao, Rehani, fundi wa Korogwe ya mtoni.

MAMA DORKASI ANAJIBU

Rehani mwanangu, marahaba. Barua yako niliisomea jikoni, nikacheka mpaka binti yangu Elina akaja mbio akidhani nimepaliwa. Pole kwa kanzu. Pole zaidi kwa ubao, maana kanzu hushonwa, lakini mwangati uliopinda mfuo ni kuni za kunukia tu.

Jina lako sikulificha. Mtu aliyekutwa ndani ya viazi na kijiji kizima, nimfiche wapi tena?

Miaka yote niliyokaa na fundi nimeona watu wakichagua randa kwa ukali wa kisu, kwa uzito, kwa kushikika vizuri, na wengine, Mungu awasamehe, kwa kung'aa. Wewe ni wa kwanza kuniuliza randa ya kukimbia nayo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nao hawakuwahi kumwona mkulima anayetafuta jembe jepesi la kurukia ua! Nyie watu wa bondeni mnatupa kazi sisi wa milimani. Haya, kaa chini, tena usikae karibu na mlango wa kutorokea.

Nianze na randa, maana nisipoijibu hiyo utasema mwanamke anakwepa. Mume wangu Habakuki alikuwa na ya mezani, yenye gurudumu kama hiyo yako, na aliyekuwa akikanyaga ni mimi. Goti langu la kulia mpaka leo linajua mvua ikikaribia. Ni chombo kizuri, sikatai. Ubao mrefu ulio peke yake, ukiwa na watu wawili na siku nzima ya utulivu, hakuna kinachoushinda. Lakini meza ina miguu minne na haitembei hata hatua. Mlango ukiwa ng'ambo ya bonde, tulibeba miimo, zile nguzo mbili za pembeni ya mlango, kuileta mezani, tukairudisha, tukaona imepungua kidogo, tukaileta tena, mabega yakachubuka, na mume wangu akaanza kusema maneno ambayo mchungaji hakumfundisha. Mwimo uliokwisha kusimama ukutani hauji kwako, mgosi, kama tuwaitavyo wanaume huku milimani. Ni lazima wewe uuendee. Ungekuwa fundi wa milango ya stesheni, mtu wa kukaa mahali pamoja na kutoa mbao kwa mbao mwaka mzima, ningekuambia uchukue ya mezani na umtafutie mkeo kiti cha kukanyagia. Wewe ni fundi wa Kabuku, wa Handeni, wa mtoni, wa popote unapoitwa. Chukua ya mkononi.

Na yale matundu mawili, ewe Mzigua! Ya kutundikia ukutani! Nilipofika hapo niliweka barua chini nikanywa maji kwanza. Hayo ni matundu ya skrubu. Tafuta kipande cha ubao mnene, mgumu, uliorandwa ukawa sawa. Toboa katikati tundu la kupitishia kisu. Pindua randa yako, kisu kitazame juu, uibane chini ya ubao huo kwa skrubu mbili kupitia matundu hayo, kisha ufunge ubao wote juu ya benchi lako. Pigilia kipande kilichonyooka pembeni ya kisu, kiwe ukuta wa kuongozea. Umepata randa ya mezani, isiyo na gurudumu, na jioni ukitaka kwenda kwenye mwimo unafungua skrubu mbili unaondoka nayo mkononi. Itakuwa polepole kuliko ile ya kukanyaga, ndiyo, na utasukuma ubao mara nyingi kabla mfuo haujafika kina chake. Kisu kichungulie unene wa ukucha, kisichungulie unene wa kidole. Mwenye pupa hung'oa nyuzi za mti. Lakini ukiacha kusukuma, kisu nacho kinaacha kukata. Kwa mtu mwenye roho ya swala wa porini kama wewe hilo si jambo dogo.

Usilipe bado. Nenda kwa Isihaka ukiishika kwa mikono miwili, uitikise karibu na sikio. Kisu kikicheza, akupe nyingine. Pindua uone kama ile skrubu ya kupandisha na kushusha kisu unaifikia hata randa ikiwa imelala chali, maana nyingine huwezi kuzirekebisha mpaka ufungue kila kitu, na hapo utalia. Mpitie mhunzi, umwonyeshe kisu, umuulize kama anaweza kukufulia kingine kikikatika. Fundi anayengoja kisu kitoke Tanga huyo ni mvuvi, si fundi. Kisha ile ya mezani irudishe na shukrani, na uifute vumbi kabla ya kuirudisha.

Randa imekwisha. Uliniomba nichukue shida yako kuwa ni ya randa tu, nami nimeichukua hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Sasa sikiliza. Ulipoandika habari za kikohozi, za uji na za njia fupi, ulikuwa unaandika macho yakiwa wapi? Mtu anayetaka kukufumania hakohoi, hutokea tu. Mama yule anakohoa ili akupe nafasi ya kugeuza uso na kuinamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. Hakukohoa ili uruke ua. Uji unaokunywa kwa raha kila siku, mpishi wake ni nani, kama si Mwanaidi? Na ile njia ya kuzunguka, mtu mzima na mtungi wa maji kichwani, unasema eti ni kwa ajili ya kilima! Anapita hapo kuja kuona mlango wake umefika wapi. Pengine anakuja kukuona na wewe pia, maana ndiwe mwanamume uliyebaki katika ua ule, naye amekukabidhi binti yake. Kila akifika anakuta meza, maranda, na vumbi la mtu aliyekimbia.

Mimi ni mama mkwe, kwa hiyo nitakuambia kitu ambacho wakwe wa kiume hamwambiwi. Mkwe wangu Lukasi aliponiona mara ya kwanza baada ya harusi aliingia ndani ya mfereji wa maji ya shamba, akajilaza humo, nami kwa utundu nikasimama palepale kuzungumza na jirani mpaka mazungumzo yakaisha. Nilicheka wiki nzima. Lakini akaendelea. Nikitoka huku anaingia kule. Nikienda shambani anahama shamba. Baada ya muda sikucheka tena. Mtu akikukimbia kila siku, hata kama ni kwa heshima, unaanza kujinusa. Unajitazama kwenye maji ya mtungi ukijiuliza uso huu una nini. Inauma, Rehani. Heshima si utumwa, hilo twalijua wote. Ila si mbio pia.

Tena hiyo adabu unayoilinda umefundishwa nusu yake. Inakataza macho, nani alikuambia inakataza mdomo? Wazee wetu walisalimiana na wakwe zao kwa kugeuza mgongo, wakaulizana habari ya mvua na ya watoto wakiwa na ukuta katikati yao, na hakuna aliyewaita watovu wa adabu. Na mwisho wake upo. Siku kijana na mama mkwe wanaposhika zawadi moja kwa wakati mmoja, zawadi ya jasho la kijana mwenyewe, haya zimeondoka, uso umefunguliwa, na tangu hapo ni mama na mwana. Baba yako hakukuambia sehemu hiyo. Nadhani alikuwa bado yuko kwenye miiba.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, kabla nguo hazijakunjwa zote.

Tundika mkeka barazani, kati ya benchi lako na njia. Mkeka tu, wala usijenge ngome. Kikohozi kikija, tua mikono, kaa ulipo, sema kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo, mama. Ahsante kwa uji. Leo tumefika kwenye mfuo wa ubao wa chini." Siku ya kwanza ataharakisha hatua. Siku ya pili atajibu. Siku nyingine atakuambia upana anaoutaka, maana nina hakika hukumuuliza, umekisia.

Mkeo usimbembeleze kwa maneno, ameyasikia ya mwaka mzima. Mpe kazi. Ubao mrefu ukisukumwa juu ya kisu unataka mtu wa kuupokea upande wa pili, ausindikize usiiname, la sivyo mfuo unazama mwishoni. Mwite Mwanaidi umwambie, "Nipokelee." Mimi nilipokea mbao za mume wangu tangu sina mvi, na mambo mengi ya nyumba yetu, ya furaha na ya kugombana, tuliyamaliza ubao ukiwa katikati, yeye anasukuma, mimi navuta. Mtu aliyeshika ncha ya mlango wa mama yake hasafiri kwenda Handeni kabla haujakwisha. Hilo nakuhakikishia.

Matuta ya Athuman ukayapande upya kwa mkono wako mwenyewe, umpe na pole, maana yule mtu alistuka.

Miimo ukaisimamishe kule kwake mwenyewe, mama akiwa mtoni, na mfuo wa kizingiti uumalizie papo hapo kwa randa ya mkononi. Hapo ndipo utakaponikumbuka. Ubao wa katikati uuingize bila gundi, upumue. Bawaba uzipake mafuta.

Na mlango ukishaning'inia, Rehani, usiukabidhi kwa kinywa cha mkeo. Umepeleka maneno yako yote kwa kinywa cha mkeo tangu ulipooa, na ona yalikokufikisha. Mama awe ndani, wewe uwe nje, mlango umefungwa kati yenu. Hapo adabu imetimia, hakuna amwonaye mwenziwe, hata baba yako akiinuka kutoka miibani hana la kusema. Weka kiganja chako juu ya ubao. Bisha hodi. Sema, "Mama, ni Rehani, nimekuletea mlango wako." Kisha ungoje. Atakohoa kwanza, naye ana haya zake. Halafu utasikia mkono wake ukiupapasa ubao kwa ndani, ukitafuta mahali pa kushika, upande wake na upande wako, mlango mmoja.

Ukifunguka, mwanangu, usikimbie.